Naomba ushauri: timu ya tenisi ya sekondari, wachezaji 18, viwanja viwili

Mleta mada
Habari zenu, ndugu wanamichezo. Nimekabidhiwa timu ya tenisi ya shule ya sekondari, ingawa mimi nimecheza kwa kujifurahisha tu na sijawahi kufundisha. Wachezaji ni 18, viwanja ni viwili, na viwango vinapishana mno: wanne wamecheza tangu utotoni, ilhali wengine hata kuhesabu pointi hawajui. Nikiwapanga foleni, wengi husimama wakisubiri zamu. Nikiwaacha wacheze mechi, wale wanne ndio wanaofaidi uwanja. Naomba mnishauri namna ya kugawa muda, na namna ya kuchagua wawakilishi wa shule bila kuzua manung'uniko.

Mchangiaji wa kwanza
Mwalimu, ondoa foleni kwanza. Gawa timu katika makundi matatu ya watu sita. Kundi moja licheze jozi tatu kwa wakati mmoja, likipigiana mipira mifupi ndani ya visanduku vya sevu (maeneo ya karibu na wavu ambamo sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, hutakiwa kutua); la pili licheze pointi wawili wawili katika uwanja mwingine, jozi inayoshindwa ikipisha ile inayosubiri; la tatu libaki nje likifanya mazoezi ya miguu, likipiga mpira ukutani, au likirudiarudia ule mrusho wa mpira juu kabla ya sevu, ambao wengi huupuuza. Baada ya dakika 20 mnabadilishana. Wanaoanza wape mipira yenye doa la kijani, kwa kuwa kasi yake ni pungufu kwa takriban asilimia 25, hata kama watalalamika kwamba ni ya watoto.

Mchangiaji wa pili
Naunga mkono, ila mpangilio mzuri hautasaidia iwapo hujui unachotaka wajifunze. Katika ngazi ya shule, pointi nyingi huamuliwa na makosa kuliko mipigo ya ajabu, kwa hiyo mimi ningetumia sehemu kubwa ya muda kwa mambo mawili.

La kwanza ni kupiga kimshazari. Wavu una urefu wa sentimita 91.4 katikati, lakini kwenye nguzo unafika 107. Tena, kutoka pembe hadi pembe ya uwanja wa mchezaji mmoja mmoja ni zaidi ya mita 25, wakati kwenda moja kwa moja ni mita 23.77. Mpira wa mshazari, basi, hupita mahali pa chini na una nafasi zaidi ya kutua. Wacheze hadi pointi 11 wakitumia nusu ya mshazari pekee, na mpira ukitoka nje ya nusu hiyo, pointi imepotea.

La pili ni sevu ya pili, ile inayopigwa baada ya ya kwanza kukosewa. Wafundishe kushika raketi kama mtu anavyoshika nyundo, ili waweze kuuzungusha mpira badala ya kuusukuma kwa woga, kisha uwachezeshe gemu ambazo kila mtu ana sevu moja tu. Mwanzoni watakosa sana, vumilia.

Mchangiaji wa tatu
Kuhusu uteuzi, bandika ngazi ya majina ubaoni. Mchezaji aruhusiwe kumpa changamoto aliye nafasi moja au mbili juu yake, na akishinda wabadilishane nafasi. Mwenye kunung'unika ataonyeshwa matokeo.

Mchangiaji wa nne
Ngazi hiyo inafaa kwa mchezo wa mmoja mmoja tu, si wa wawili wawili. Yupo mchezaji dhaifu kwenye mstari wa nyuma ambaye akisogea wavuni hapitiki. Ukifuata ngazi pekee utamwacha nje. Jozi zijaribiwe kwa kucheza pamoja, na wachezaji wazoee kusemezana kila mpira unapopita katikati yao.

Mleta mada
Nashukuru sana. Limebaki moja: hatuna waamuzi, na ubishi wa mpira kuwa ndani au nje hauishi.

Mchangiaji wa pili
Kila mchezaji huamua mipira ya upande wake mwenyewe. Mpira uliogusa mstari, hata kidogo, uko ndani, na mwenye shaka huuhesabu mpira kuwa ndani. Mpiga sevu naye atangaze hesabu kwa sauti kabla ya kila pointi, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Wafanye hivyo tangu mazoezini, nawe ukiitwa kuamua mpira ambao hukuuona, kataa.