Naomba ushauri: kupanda misaipresi ya kinamasi kwenye bonde linalojaa maji

Ndugu wenye ujuzi wa misitu, salaam. Ninaishi kusini mwa Louisiana, Marekani, na nyuma ya nyumba yetu kuna bonde dogo linalofunikwa na maji kwa sehemu ya mwaka, ambamo nakusudia kupanda msaipresi wa kinamasi, mti rasmi wa jimbo hili tangu mwaka 1963, ambao hupukutisha majani yote kabla ya baridi ingawa ni wa kundi la miti izaayo koni, kama misonobari.

Ninavyoelewa, mbegu zake huelea na kusafiri na maji lakini hazioti zikiwa zimezama. Huhitaji tope lililoachwa wazi maji yanapopungua, na mche mchanga ukifunikwa wote kwa muda mrefu hufa. Ajabu ni kwamba mti unaoweza kuishi zaidi ya miaka 2,600, kama ule wa kando ya Mto Black huko North Carolina, hutegemea kiangazi kimoja tu ili uanze. Kwa hiyo nitapanda miche mirefu badala ya mbegu.

Kinachonitatiza zaidi ni nutria, wale wanyama watafunaji walioletwa kutoka Amerika Kusini, ambao hung'oa miche na kula mizizi. Je, kuzungushia waya kila mche kunatosha, au nizungushie bonde zima? Tena, kwa kuwa mizizi ya mti huu huchomoza juu kama magoti, nipande umbali gani kutoka kwenye msingi wa nyumba? Jirani ananishauri nifukie bonde lote kwa kifusi, ushauri ambao sikubaliani nao hata kidogo.