"Nipe ripoti ya ukweli"?! Hewani?! Katikati ya kontesti?! Huyu mzee wa Moshi tutamvumilia mpaka lini

Sakina_Mita10:
Wakuu, leo sina salamu. Kontesti, yaani shindano la redio za ridhaa, bado inaendelea, ila nimeweka maiki chini, maana nikiishika tena nitamtukana mtu hewani na leseni yangu bado naipenda.

Mnamjua. Simtaji. Upande wa Moshi, kolsaini yake (herufi na namba za kumtambulisha hewani) anaitaja mara nne hata kama ulishaiandika tangu ya kwanza. Ndiyo, huyo huyo.

Saa 11 jioni, CQ World Wide ya sauti (ndiyo kontesti yenyewe), bendi ya mita 10 iko wazi. Ulaya wanaita kwa fujo, pwani ya mashariki ya Marekani nao ndio wanaamkia redio. Mzee akapenya. Nikampa anachopewa kila mtu: tano tisa, thelathini na saba. Imekwisha. Kilichobaki ni yeye kusema tano tisa thelathini na saba, aseme asante, apotee. Badala yake akavuta pumzi, nikamsikia kabisa akivuta, akasema: "Kijana, hiyo siyo ripoti. Unagawa tano tisa kama soda za kipaimara. Nipe ripoti ya ukweli."

RIPOTI YA UKWELI.

Mbele ya Ulaya nzima. Wajerumani wamenyamaza wanasikiliza Kiswahili, wanadhani nchi imepinduliwa.

Kwa wageni: kwenye CQ World Wide unabadilishana vitu viwili tu, ripoti (namna unavyomsikia mwenzio) na namba ya zoni ya CQ (eneo lako la dunia). Tanzania ni 37. Ripoti ni 59 kwa sauti na 599 kwa mosi (kodi ya nukta na mistari), ambayo wapigaji wanaikata kuwa 5NN. Programu ya logi (daftari la mawasiliano) imeshaijaza 59 kabla hujafungua mdomo. Ukinipa 57 inabidi nirudi nyuma kwenye kisanduku, nifute, niandike, nisogee tena mbele, na mwisho wa siku haiongezi wala haipunguzi pointi. Kinachotafutwa pale ni kolsaini na zoni. Basi.

QSO safi, yaani mawasiliano kamili na mtu mmoja, ni sekunde 10. Mzee alikaa dakika mbili. Hizo ni QSO 12 za bara jingine, kila moja pointi 3. Na yeye mwenyewe ana thamani gani kwangu? Nchi moja na mimi: pointi SIFURI. Nimeuza Ulaya na Marekani kwa sifuri, na bado nikaambiwa nagawa soda.

Halafu alipokubali kutoa ya kwake! "Nakupa tano nne na nusu, zoni hamsini na tatu." Na nusu! Nusu inaandikwa wapi? Na 53 ni zoni ya ITU, mgawanyo mwingine wa dunia, hiyo ni ya lile shindano la IARU la Julai. Tuko Oktoba, mzee!

"Nipe ripoti ya ukweli." Sijawahi kudharauliwa hivi na mtu mwenye dipoli, antena ya waya tu.

Mgombani_Dipoli:
Hahahaha soda za kipaimara 😂😂 Mzee kaua. Mleta uzi kunywa maji.

Kijenge Juu:
Mkuu, na wewe umezidi. Kutoka Arusha mpaka kwake ni kama kilomita 80, mita 10 hairuki karibu hivyo. Kilichokufikia ni mabaki tu, ama wimbi la ardhini lililochoka ama wimbi lililogonga mbali likarudi nyuma. Ripoti ya ukweli ilikuwa 33. Ungempa 33 angeridhika, nawe ungeendelea na Wajerumani wako.

Sakina_Mita10:
Nimpe 33 aanze kuuliza kwa nini 33? Aniulize antena yake ina shida gani? Huyu mtu umewahi kumsikia kweli?

Kijenge Juu:
Hapo umenishika.

Bibi Koaksi:
Wanangu, punguzeni jazba. RST, ndiyo hiyo ripoti, ina maana yake. Kipimo hicho kipo tangu 1934: R ni kueleweka, 1 mpaka 5, S ni nguvu, 1 mpaka 9, T ni ubora wa toni, 1 mpaka 9, nayo ni ya mosi peke yake. S9 kwenye HF (masafa mafupi) ni mikrovolti 50 kwenye omu 50, na kila hatua ya S ni desibeli 6. Kwa maongezi ya kawaida ripoti ya kweli ni heshima, mtu ajue kama amefunga waya vibaya. Kwenye kontesti ile 59 ni mlango tu wa kupita. Mzee anayajua yote haya, anajizima data.

Ila mleta uzi rekebisha kitu kimoja. QSO ya nchi yako ni pointi sifuri, lakini nchi na zoni vinahesabika kama multiplaya (namba ya kuzidishia pointi zako zote), mara moja kila bendi. Kama hujafanya 5H (Tanzania) wala zoni 37 kwenye mita 10, mzee kakupa multiplaya mbili kwa mpigo. Usimtukane sana.

Sakina_Mita10:
Bibi shikamoo. Multiplaya ya 37 nilishaipata kwa Mkenya. Ya 5H ndiyo kanipa, nakubali kwa uchungu. Lakini sasa kwenye logi niandike nini? Katamka 53. Nikiandika 37 nimedanganya, nikiandika 53 kompyuta ya wakaguzi itanicheka.

Bibi Koaksi:
Marahaba. Unaandika ulichosikia mwanangu. Wakaguzi wanalinganisha logi yako na ya kwake. Kama na yeye kaandika katuma 53, mko sawa. Kama programu yake imemjazia 37 huku mdomo unasema 53, QSO unaipoteza wewe. Ndiyo maana ukisikia kitu cha ajabu unauliza neno moja tu: "Zoni?" Naye anajibu "37, 37". Hakuna hotuba.

Kiboroloni FM:
Hapo kwenye hotuba ndipo wengi wanapoharibu. Ukiombwa zoni, unatoa zoni. Ukiombwa kolsaini, unatoa kolsaini. Watu wanaombwa zoni wanaanza upya na kolsaini, 59, jina la mtaa na hali ya hewa. Halafu kuna wale wa "tafadhali pokea ripoti yako ambayo ni..." Pokea nini? Sema namba!

Na serial (namba ya mfululizo) kwenye kontesti ya WPX, tamka tarakimu moja moja. "Thirteen" na "thirty" kwenye kelele hazitofautiani. Sema "one three", au "three zero".

Mgombani_Dipoli:
Mzee kasema tamka UKWELI siyo tarakimu 😂

Ngaramtoni_QRP:
Mnabishana na 59 wakati kuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Kuna jamaa, naye mnamjua, akisikia stesheni adimu anaita kwa herufi mbili za mwisho tu, anaita juu ya watu, anaita wakati mwenzie anajibiwa. Stesheni imesema wazi "inayoishia Kilo Lima" (K na L), yeye hana Kilo wala Lima, anaita! Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi. Toa kolsaini nzima, mara moja, kisha sikiliza. Ukisikia umeandikwa vibaya, sahihisha kwanza kabla ya kutoa ripoti, maana kolsaini ikikosewa mwenzio anafutiwa QSO na anakatwa adhabu ya mara mbili ya pointi zake juu yake. Wewe unasema "sawa sawa, roja" huku unamwangamiza mwenzio.

Sakina_Mita10:
Anzisha uzi wako mkuu. Hapa tunaongelea KIPAIMARA.

Njiro_Sola:
Na mimi niongezee. Huyo mzee sauti yake imechanika, inashika kilohezi 6 peke yake wakati SSB (njia ya kutuma sauti) ya kistaarabu haizidi 2.7. Amefungua maiki geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) mpaka mwisho na kompresa juu yake, akiamini ndiyo nguvu. Angalia mita ya ALC, inayoonyesha kama umezidisha: ongea kwa sauti ya kawaida, sindano ibaki ndani ya alama, ikitoka punguza maiki.

Halafu nadhani anatumia betri kwa waya mwembamba. Redio ya wati 100 inavuta ampea 20 na ushee. Waya wa 2.5 mm² wa mita 5, kwenda na kurudi ni mita 10, unakula karibu volti 1.5 hapo hapo. Betri ina 12.6, redio inaona 11.1, sauti inaanza kugugumia kila akisema "aaa". Aweke 6 mm² na aufupishe. Fyuzi mbili, chanya na hasi, karibu na betri.

Kijenge Juu:
Mwambie wewe. Akikujibu "nipe ripoti ya ukweli" utuambie.

Njiro_Sola:
Hiyo ndiyo ripoti ya ukweli sasa!

Pasua Kilowati:
Mzee angekuwa na linia (kikuza nguvu) msingelalamika.

Bibi Koaksi:
Linia ya kutoka wati 100 mpaka 400 ni desibeli 6. Hatua MOJA ya S. Pesa hiyo pandisha antena juu ya mgomba kwanza. Dipoli ya 28.5 MHz ni mita 5 tu kwa jumla, 143 gawanya kwa megahezi. Mita 5 ya waya, jamani, na bado mtu kaifunga kwenye bati la jikoni.

Mgombani_Dipoli:
Bibi mbona unaniangalia mimi.

Shanty_Zoni37:
Mleta uzi umeandika mengi ila jibu hili: wakati unampa mzee ripoti ulikuwa masafa gani? Maana jana kuna mtu wa Arusha alikuwa anapiga CQ (anaita yeyote) 14.100 MHz, juu ya bikoni (vituo vya ishara za majaribio). Hiyo inaachwa wazi, dunia nzima inaitumia kupima kama njia imefunguka. Sauti kwenye mita 20 wakati wa kontesti inakaa 14.125 mpaka 14.300.

Sakina_Mita10:
Nilikuwa 28.4 na ushee! Mita KUMI! Jina langu umelisoma?

Shanty_Zoni37:
Sikusema ni wewe. Nimeuliza tu. Na logi yako iko UTC (saa ya dunia)? Wengi wa huku wanatuma saa za Afrika Mashariki halafu wanashangaa kila QSO haionekani kwa mwenzie. Toa saa 3. Kontesti inaisha saa 8 na dakika 59 usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa yako ya ukutani, lakini kwenye logi hiyo ni Jumapili 23:59. Logi yenyewe iwe faili ya Kabrilo (Cabrillo), na una siku 5 tu za kuituma.

Ngaramtoni_QRP:
Kelele za sola je? Mbona hamziongelei? Njiro yote haisikiki mita 40 kwa sababu ya kontrola za bei rahisi. Njiro_Sola, jina linakushtaki.

Njiro_Sola:
Yangu nimeifunga feraiti (duara la kuzuia kelele kwenye waya) mkuu, usinionee. Washa redio kwa betri, zima meni switchi ya nyumba, sikiliza. Kelele ikikata, ni yako. Washa saketi moja moja mpaka irudi. Isipokata, ni ya jirani, nenda na maandazi ukaongee naye. Feraiti iwe aina ya 31, pitisha waya mara saba au nane kwenye duara kubwa, ile ya kubana moja haifanyi kitu kwenye mita 40. Na waya wa paneli chanya na hasi uende pamoja umesokotwa, usiutandaze, utakuwa antena.

Mgeni Jamvini:
Samahani wakuu, mimi ni dereva wa watalii, nimeona mnaongea redio nikaingia. Redio kolu ya gari yangu inalia nikiwasha injini, wenzangu porini hawanielewi kabisa. Fundi kasema ninunue antena mpya.

Kiboroloni FM:
Karibu. Fundi kakupiga. Kelele inasikika kwako unapopokea, au kwa wenzako unapoongea? Inapanda ukikanyaga mafuta?

Mgeni Jamvini:
Kwao. Na inapanda, inakuwa nyembamba, wiiiii.

Kiboroloni FM:
Altaneta. Umeme umechukua kwenye tundu la sigara, si ndiyo? Toa pale. Vuta waya wa chanya na wa hasi moja kwa moja mpaka kwenye betri, fyuzi kila mmoja, usiutegemee mwili wa gari. Nyingi zinapona hapo. Isipopona ndiyo uweke filta kwenye waya wa chanya.

Sakina_Mita10:
Jamani uzi wangu.

Pasua Kilowati:
Mgeni, kagua plagi pia.

Kiboroloni FM:
Plagi inalia tak-tak-tak, siyo wiii. Na Land Cruiser za watalii ni dizeli, plagi atazitoa wapi?

Mgeni Jamvini:
Hii ya kwangu ni ya petroli mkuu. Na nikisikiliza vizuri na ile tak-tak ipo, ila hiyo ni nikipokea.

Pasua Kilowati:
AHAA. Nilisema mimi.

Kiboroloni FM:
Sawa, basi una magonjwa mawili. Waya wa betri kwanza. Halafu plagi za rezista, kagua na waya zake za moto kama hazijapasuka, na unganisha boneti na bodi kwa utepe wa shaba pande zote mbili. Gari ni ya mwaka gani?