Fallout ni ya 2077, mbona kila kitu ni cha miaka ya 1950?

mchezaji_moro: Wakuu, kwenye mfululizo wa michezo ya video ya Fallout, dunia iliyoungua kwa vita vya nyuklia, nimemaliza Fallout 3, sasa nipo kwenye Fallout: New Vegas. Mabomu yalianguka Oktoba 2077 na humu tupo 2281, lakini kompyuta zina maandishi ya kijani tu, na redioni anaimba Dean Martin, mwimbaji wa Marekani wa enzi hizo. Ni urembo tu au kuna maana?

valvu_moto: Maana ipo mkuu, tena ndiyo roho ya mchezo. Mimi ni fundi redio, nianzie huko. Transista, kile kipande kidogo cha kukuza na kuwasha umeme, ilizaliwa maabara za Bell huko Marekani mwishoni mwa 1947, na ndiyo iliyofanya redio ya kabatini iingie mfukoni. Dunia ya Fallout ilichepuka na yetu baada ya Vita Kuu ya Pili: wakazama kwenye atomu, wakakaa na valvu, zile taa za kioo zilizofanya kazi hiyo kabla ya transista, miaka mingi. Ndiyo maana roboti wao anapiga soga na kurusha moto, ila kompyuta ya mezani ni lisanduku lenye kioo kilichobinuka. Aliyewahi kufungua redio ya valvu, akasikia joto lake na ile harufu ya vumbi linaloungua, anaiamini dunia hiyo mara moja.

Hiyo 2077 ndiyo aliyoahidiwa Mmarekani wa 1955. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Ford walionyesha mfano mdogo wa gari, Nucleon, la kuendeshwa na kinu cha nyuklia kilichowekwa nyuma. Halikutengenezwa kamwe. Kwenye Fallout magari ya namna hiyo yamejaa barabarani, na ukipiga risasi gari bovu linalipuka kwa wingu la uyoga. Uzuri wa gari na kifo chako vimo kwenye bati lilelile. Sijaona mchezo mwingine uliolisema hilo vizuri hivyo.

dada_pikseli: Kaka, tusiseme 1950 tu. The Ink Spots, kundi la waimbaji wanaofungua Fallout ya kwanza ya 1997, na ile ya tatu, walirekodi nyimbo hizo 1940 na 1941.

valvu_moto: Kweli dada, ila na redio ya 1955 ilipiga za zamani. Kwangu New Vegas ndiyo kilele. Kuanzia Januari 1951 Marekani ilijaribu mabomu jangwani Nevada, kama kilomita 100 kutoka Las Vegas. Hoteli zikayafanya biashara: wageni wanakesha wanakunywa, alfajiri wanatazama mwanga. Mji ulioligeuza bomu kuwa burudani, waunda mchezo wangeenda wapi kwingine?

mchezaji_moro: Nimekuelewa fundi. Baada ya hii niingie Fallout 4?

valvu_moto: Ingia, ila usikimbilie bunduki. Inaanzia 2077 yenyewe, asubuhi ya bomu, na Codsworth, roboti wa nyumbani, kakuandalia kahawa. Zunguka kila chumba, tazama jiko, friji, televisheni, kabla hujamfungulia yule mtu wa Vault-Tec, kampuni ya mahandaki ya kujikinga na bomu, mlangoni. Baadaye utairudia nyumba hiyo ikiwa gofu, na utajua kila kitu kilikaa wapi.

mchezaji_moro: Poa, naishusha usiku, bando likiwa rahisi.