Naomba ushauri: masomo ya uzamili Ujerumani na safari za mwisho wa wiki

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayesoma shahada ya uzamili mjini Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kwa tiketi ya mwezi inayoruhusu treni zote za mikoa, isipokuwa zile za mwendokasi, nimekuwa nikisafiri karibu kila Jumamosi: nimetembea katika misitu ya Schwarzwald, na nimevuka Mto Rhine kwa miguu kutoka Kehl hadi Strasbourg, Ufaransa, nikasimama katikati ya daraja machozi yakinilengalenga, kwa kuwa baba yangu, aliyeuza ng'ombe wawili ili nije huku, hajawahi kuvuka mpaka wowote.

Tatizo ni kwamba mtihani wa takwimu nimeufeli, na kwa taratibu za idara yetu nafasi ya kuurudia ni moja tu. Ni kweli kwamba ndani ya treni huwa nasoma, ila hesabu hazitaki meza inayotikisika.

Mliosoma ughaibuni, je, nisimamishe safari zote hadi Julai, au nibakize moja kwa mwezi ili akili ipumue? Na baba nimweleze sasa, au nisubiri matokeo ya marudio?