Optometria: diploma Moshi au digrii Makerere? Naomba ushauri wa haraka

Bint_Wete
Assalamu alaykum. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), na kapata prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo, zote tatu. Anataka optometria, yaani fani ya kupima macho na kuandikia miwani, hataki kusikia kozi nyingine. Baba anasema aanze na diploma hospitali ya KCMC Moshi, kisha ajiendeleze. Mjomba aliyeko Kampala anasema aende moja kwa moja Makerere akachukue digrii. Na kuna wakala hapa hatuachi kwa simu, yeye ni India tu. Wenye uzoefu nambieni, dirisha la maombi halingoji mtu.

Mzee_wa_Malindi
Wa alaykum salaam. Prinsipo ya A na prinsipo ya E zote zinaitwa prinsipo, mwanangu. Weka gredi za kila somo. Weka na za kidato cha nne, hasa Hesabu na Kiingereza. Bila hizo tutapiga ramli tu hapa.

Skuli_Kwanza
Na ada analipa nani? Hilo nalo hukulisema.

Bint_Wete
Biolojia C, Kemia D, Fizikia E. Kidato cha nne ana C za sayansi zote tatu, Kiingereza C, Hesabu D. Ada ni baba, na baba anategemea karafuu. Mkopo ataomba Bodi ya Mikopo ya Zanzibar.

Mzee_wa_Malindi
Sasa tunazungumza. C ni 3, D ni 2, E ni 1, jumla 6. Kiwango cha jumla cha TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, kwa kuingia digrii ni prinsipo mbili zenye alama 4, kwa hiyo mlango wa nje kaupita. Lakini kozi za afya zina mlango wa ndani: kila programu kwenye mwongozo wa TCU imewekewa masharti yake somo kwa somo, na mtu anaweza kuwa na jumla nzuri akaangushwa na somo moja. Msisome mwongozo wa mwaka jana. Chukueni wa mwaka huu, msome mstari wa kozi yenyewe.

Dada_Miwani
Mimi niko kitengo cha macho hapa Unguja, na hiyo E ya Fizikia ndiyo inayonishughulisha. Kozi hii ni fizikia ya mwanga asubuhi mpaka jioni. Chukua mtoto wa miaka minne, hajui kusoma ubao wala hawezi kukwambia lenzi ipi nzuri. Unakaa naye kwenye chumba chenye giza, unampitishia kwenye mboni mwanga wa retinoskopu, kitochi cha kupimia macho, unatazama ule wekundu unaorudi. Wekundu ukifuata mkono wako, unaweka lenzi ya kujumlisha. Ukienda kinyume, unaweka ya kutoa, mpaka mboni nzima iwake bila kusogea. Halafu lazima utoe masafa uliyokaa: ukikaa sentimita 50 unatoa nguvu ya lenzi 2.00, sentimita 67 unatoa 1.50. Usipotoa, mtoto anaondoka na miwani isiyo yake na anakwenda nayo skuli mwaka mzima.
Simkatishi tamaa. Nasema aanze diploma, mkono uzoee, ukuta wa Fizikia aupande taratibu. Akitoka na GPA (wastani wa alama za chuo) nzuri, digrii ataiomba kwa diploma yake.

Kampala_Tena
Nakupinga, dada. Wangapi wamesema "nitajiendeleza" wakaoa, wakaolewa, wakazaa, digrii ikabaki maneno? Makerere wana digrii ya optometria tangu 2014, miaka minne, na kliniki wanaingia wakiwa wanafunzi. Ila Bint_Wete, cheti cha NECTA, baraza letu la mitihani, lazima kilinganishwe kwanza na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Na Uganda hawajumlishi kama sisi: masomo ya lazima yanazidishwa mara 3, yanayohusiana mara 2. Mwambie mjomba aulize masomo yapi yamewekwa kuwa ya lazima kwa kozi hii, asikurupuke.

Skuli_Kwanza
Kuna na chuo kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, Kenya. Wakenya wanaanzia C+ ya kidato chao cha nne, kwa hiyo na huko vyeti vyetu vinalinganishwa kwanza.

Baba_Nassra
Naomba mnisikilize kuhusu huyo wakala. Kijana wangu alipelekwa nje na mtu wa namna hiyo. Tuliambiwa ni digrii ya optometria, chuo kinatambulika, wasiwasi usiwepo. Nikauza kiwanja. Kijana akasoma, akatupigia picha na koti jeupe, tukafurahi. Karudi na cheti, tunakisoma vizuri nyumbani: ni kozi ya ufundi wa vifaa vya macho, tena hata digrii si. Tukaomba TCU wakitambue, tukaambiwa tulete barua ya udahili na orodha ya masomo yote na saa za kliniki. Chuo hakijibu barua pepe. Wakala kabadilisha namba. Kijana leo anauza simu, na akili anayo wallahi, alikuwa wa kwanza darasani kwake. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda na jina la chuo na jina la kozi ukaulize TCU kama vinatambulika, na wakujibu kwa maandishi. Wakala akikasirika kwa hilo, mwache aende.

Dada_Miwani
Pole sana, Baba Nassra. India digrii za kweli zipo, miaka minne na mmoja wapo ni wa mazoezi hospitali. Kasoro haiko kwa nchi.

Mtu_wa_Ng'ambo
Huku Marekani lazima uwe umeshasoma chuo kwanza, kemia ya viumbe, mikrobiolojia, fizikia, takwimu, ndipo ufanye OAT, mtihani wa kuingilia optometria, halafu miaka minne mingine ya udaktari wa optometria.

Skuli_Kwanza
Kaka, mtoto yuko Wete. Karafuu gani italipa hayo?

Shehe_Mtoni
Kwa diploma nasikia wanataka pasi nne za kidato cha nne. Je, Maarifa ya Uislamu inahesabiwa? Wangu kapata A.

Mzee_wa_Malindi
Haihesabiwi, shehe. Sharti ni pasi nne zisizo za dini, na ndani yake ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Kiarabu ni lugha, hicho kinaingia.

Shehe_Mtoni
Hili linaniuma. Mtoto kakesha kusoma somo hilo kama masomo mengine.

Kampala_Tena
Uzi wa optometria huo, shehe.

Shehe_Mtoni
Na mimi nauliza optometria. Bibi yangu kanunua miwani ya kusomea Darajani bila kupimwa, kila siku kichwa kinamuuma. Tunawahitaji hawa watoto.

Dada_Miwani
Mlete hospitali apimwe. Ile ya dukani ina nguvu sawa macho yote mawili, na macho ya mtu aghalabu hayalingani. Tena wamtazame na mtoto wa jicho.

Bint_Wete
Nimewasomea wote nyumbani. Wakala tumemfuta. Baba bado Moshi, mjomba bado Kampala, na mwenyewe anauliza kama anaweza kurudia Fizikia mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kampala_Tena
Mwaka mzima kwa somo moja? Aende!

Dada_Miwani
Kwa somo hilo, mimi ningerudia.

PCM_Chake
Samahani, na mwenye PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) je? Sina Biolojia ya kidato cha sita.

Mzee_wa_Malindi
Kwanza weka gredi.