Mfumo mmoja wa kuajiri wafanyakazi wa shule, nani alipe?

KaraniKayole: Wadau, walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, wanaomba kazi mtandaoni, lakini sisi tunaoajiriwa na BOM, yaani bodi ya shule, wapishi, walinzi, makarani, bado ni kuzungusha bahasha za khaki shule hadi shule. Tukitaka mfumo mmoja wa mtandaoni Nairobi nzima, pesa itoke wapi?

MamaDago: Kapitesheni, ile pesa serikali inatumia shule kwa kila mwanafunzi, usiguse, hiyo shilingi 22,244 ya mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka inakuja vipande vipande na mishahara ya wapishi inatoka humo humo, sasa ukate tena ya mfumo?

MhasibuWaMtaa: Shule zichange kulingana na idadi ya wanafunzi, ndogo zisiumie. Lakini anayetafuta kazi asitozwe hata bob!

KaraniKayole: Sawa mkuu, na seva mwaka wa pili nani atalipia?