Friji mbili kwenye Coaster moja, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari ni volti ngapi

Wakuu, habari za jioni.

Kabla mtu hajaniambia "pole mkuu, uzembe wako mwenyewe", naomba asome kwanza. Nimekaa na hili jambo wiki tatu nikijizuia. Leo nimefungua mlango wa gari, ile harufu ikanipokea tena, nikasema potelea mbali, naandika.

Nina Coaster, injini ya dizeli 1HZ. Ilikuwa daladala, ikawa ya shule, mwisho tukainunua mimi na shemeji yangu. Tuling'oa viti vyote, tukaweka vitanda, sinki, jiko la gesi na tenki la maji la lita 100. Nia ni kuikodisha kwa familia zinazotaka kwenda Mikumi, Saadani au Ruaha na kulala humo humo. Vitanda vimekaa vizuri. Sinki halivuji. Kilichotushinda ni friji. Imekula milioni mbili na laki tano na sitini elfu, na wateja wetu wa kwanza kabisa tumewarudishia hela yao.

Nianze na duka la kwanza. Niliingia nikasema kwa sauti, watu wote wanasikia: nataka friji ya kuweka kwenye basi nililoligeuza nyumba. Kijana wa dukani akaniuliza milango miwili au mmoja. Halafu akaniuliza rangi. Wallahi, rangi! Nikatoka na friji ya milango miwili, mtumba wa Ulaya, 780,000, pamoja na inverta (kile kiboksi kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya 320,000 iliyoandikwa wati 1000. "Bosi, hii inakula umeme kama taa."

Sasa anayejua Coaster hizi anajua ziko na betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, gari linatumia 24. Inverta niliyouziwa ni ya 12. Fundi aliyekuja kufunga hakushtuka hata kidogo. Akachomeka waya kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, akasema "si ndiyo kumi na mbili hiyo, hata redio za daladala tunafanya hivi hivi."

Redio, mkuu. Redio inakunywa kijiko, friji inakunywa ndoo.

Ngoja nieleze kinachotokea, maana kuna watu humu wanatembea na hili tatizo bila kujua. Altaneta, ile dinamo ya injini, inazichaji betri zote mbili kama kitu kimoja, kwa volti 28 hivi. Haina habari kwamba moja imenyonywa usiku kucha na nyingine imelala imeshiba. Kwa hiyo ile iliyoshiba inazidi kulishwa na ile yenye njaa haijazwi ikajaa. Siku ya tisa nilifungua kile kiboksi cha betri nikakuta moja vifuniko vimelowa, maji yamechemka mpaka yanatoka juu, na pembeni yake mwenzake anasoma volti 11.6. Gari haliwaki. Betri zote mbili zilikuwa mpya.

Na friji yenyewe haikuwahi kuganda hata barafu ya kujazia glasi. Kompresa ya friji ya nyumbani, ile pampu ya gesi, inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Inverta zile za bei poa hazitoi umeme wa wimbi laini kama wa TANESCO, zinatoa wa wimbi la ngazi-ngazi. Kompresa ikawa inanguruma, inajaribu, inverta inapiga kelele piii, inazima. Baada ya dakika chache tena. Tulikuwa tunalala ndani tukisikiliza huo muziki.

Hata kama inverta ingekuwa nzuri, hesabu ilikuwa inakataa toka dukani. Lebo ya friji wati 140. Kwa joto letu ikifanya kazi nusu ya muda, hiyo ni wastani wa wati-saa 70 kila saa, mchana na usiku. Betri ya ampea-saa 100 (100 Ah) ya volti 12 ni wati-saa 1200 kwenye makaratasi, na betri ya maji hutakiwi kuivuta zaidi ya nusu kama unaipenda. Una 600. Ukizima injini saa kumi na mbili jioni, saa nane usiku umekwisha. Hesabu ya darasa la saba hiyo! Muuzaji angeweza kunifanyia nyuma ya risiti.

Kingine ambacho sikukijua: ndani ya friji kuna kibandiko chenye herufi. N maana yake imetengenezwa kwa chumba chenye joto mpaka nyuzi 32. ST mpaka 38. T mpaka 43. Yangu ilikuwa N. Coaster iliyopaki juani Dar mwezi wa pili, ndani unaoka mkate.

Tuliijaribu safari moja, kuelekea Saadani. Barabara ya vumbi siku ile ilikuwa kama bati la mgongo mpana. Mlango wa friji ya nyumbani unashikwa na mpira wenye sumaku, basi, hauna komeo. Trei nzima ya mayai ikatoka yenyewe ikaja kunisalimia kwenye usukani.

Tukamwita fundi friji. Hakupima chochote. Akagusa ubavu wa friji kwa kiganja, kama nesi anayepima homa ya mtoto, akasema "gesi imeisha." Jamani! Gesi ya friji siyo dizeli. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba, haiishi, na ikipungua kuna mahali inavuja. Akajaza, akachukua 90,000, akaondoka. Jioni shemeji akapiga magoti nyuma ya friji na tochi, akasoma lebo ya kompresa: R600a, gramu 48, na pembetatu ya njano yenye alama ya moto. Hiyo gesi inawaka. Yule bwana alikuwa amejaza R134a, gesi nyingine kabisa, na alikuwa amechomelea lile bomba kwa moto wa mtungi ndani ya gari, mita mbili kutoka tenki la mafuta. Shemeji alikaa kimya kama dakika nzima, kisha akatoka nje kuvuta sigara. Nikamwambia asogee mbali zaidi.

Nilipoirudisha dukani nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi, na juu yake: "Bosi, ulisema basi, hukusema Coaster."

Haya. Tukajifunza, tukasema sasa tununue kitu sahihi. Hapa kuna mtu atakuja na ushauri wa friji ya gesi ya mtungi, nimjibu kabisa. Zipo, na wenzetu wa Ulaya wanazifunga kwenye magari ya kulala. Zinapoza kwa kuchemsha amonia, hazina kompresa. Lakini zinataka gari likae sawasawa kama meza, zinataka matundu ya hewa chini na juu kwenye bodi, bomba la kutolea moshi nje, na joto likizidi zinalegea. Walioibuni, Baltzar von Platen na Carl Munters, walikuwa wanafunzi Stockholm mwaka 1922. Mlima Kitonga na kona zake hawakuwa wanaufikiria.

Tukanunua ile ya kufungukia juu, lita 50, yenye kompresa ya umeme wa betri moja kwa moja, bila inverta. 1,250,000. Iliuma, ila kwa kweli chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Ukifunua kifuniko baridi inabaki chini, haimwagiki miguuni kama ya mlango wa mbele. Ina makomeo. Kompresa inaanza polepole, haishtui betri.

Tatizo likawa tena fundi, wa pili huyu, 120,000. Akaitengenezea boksi la plaiwudi chini ya kitanda, zuri, limepigwa msasa, limepakwa vanishi, limeibana friji pande zote nne kama jeneza. Matundu ya kutolea joto yanatazama ubao. Hewa moto inatoka, inagonga ubao, inarudi ndani. Na umeme? Akachukua 12 kwenye betri moja. Tena! Nikamuuliza, akaniambia plagi iliyokuja na friji ni ya tundu la sigara, "na tundu la sigara ni kumi na mbili." Waya aliovuta kutoka betri mpaka nyuma ya gari, mita saba, ulikuwa waya wa spika. Ule mwembamba, mwekundu na mweusi.

Ndiyo tukaondoka na wateja. Familia ya watu sita, waungwana kabisa. Mama wa ile familia alinipigia mapema kuuliza mara mbili kama friji ipo, maana mtoto wao mdogo hali nyama, anakula samaki. Nikamwambia dada yangu ondoa shaka. Wakanunua nguru soko la Feri, kilo sita, vipande vizuri, wakavipanga kwenye mifuko.

Barabarani friji inafanya kazi, kwa sababu injini inanguruma na altaneta inasukuma. Tumefika Mikumi jioni, nimezima gari. Usiku niliamka nikaona taa ndogo nyekundu kwenye friji inapepesa mara moja, inatulia, inapepesa tena mara moja. Nikajua ndiyo inafanya kazi! Nikarudi kulala na amani yangu. Kesho yake wateja wakaingia mbugani na gari la kukodi, Coaster ikashinda juani imezimwa. Taa inapepesa. Usiku wa pili, inapepesa.

Asubuhi mama akafunua kifuniko. Sitasahau uso wake. Hakusema neno, akakirudisha taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa, akamwita mumewe. Maji ya damu yalikuwa yamepita kwenye mifuko, yamefika kwenye maziwa ya mtoto. Lile boksi zuri la vanishi limenywa maji yale, na ndiyo harufu ninayoishi nayo mpaka leo.

Kitabu cha maelekezo nilikisoma siku ile, nimekaa kwenye ngazi ya mlango. Kupepesa mara moja: umeme unaofika ni mdogo, kompresa imejizima kulinda betri. Hilo ni kosa langu, nakiri, ningekisoma mapema.

Njiani kurudi tukapita Morogoro kwa mzee mmoja anayefunga umeme wa malori. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, na kabla hata sijashuka vizuri akauliza: "Mwanangu, hii ishirini na nne au kumi na mbili?"

Nilitaka kumkumbatia. Miezi minne, milioni mbili na nusu, na huyu ni mtu wa kwanza kuuliza.

Akatoa mita. Kwenye betri volti 12.4. Akaenda nyuma, akachomeka mita kwenye plagi ya friji, akamwambia kijana wake awashe. Kompresa ilipoanza, 10.3. Volti mbili nzima zimeishia njiani kwenye waya wa spika. Halafu akaigeuza friji, akaweka ukucha wake mweusi wa grisi juu ya kibandiko: DC 12/24V. Ilikuwa inakubali 24 siku zote. Chombo kinatambua chenyewe. Ukiipa 24 inavuta ampea nusu, kwa hiyo hata kinachopotea kwenye waya kinapungua kwa nusu, na kinapungua kutoka kwenye volti nyingi zaidi.

Aling'oa kila kitu. Akavuta waya wa shaba wa milimita 6 kutoka kwenye betri zote mbili, akaweka fyuzi ya ampea 15 pale pale kwenye betri. Nikamuuliza kwa nini asiiweke huku karibu na friji, akasema fyuzi inalinda waya usishike moto, friji ina ya kwake. Tundu la sigara akalitupa, linaachia kwa mtikisiko. Boksi akalikata msumeno chini na juu, akaacha nafasi ya vidole vinne upande wa matundu. Friji akaifunga kwa bolti zilizopita sakafu, chini akaweka bamba la chuma ili bolti zisichane bati. Akakataa kabisa friji iendelee kulala ikivuta betri za kuwashia gari: tulete nyingine mbili za friji peke yake. Tumeleta, na juu ya paa kuna sola ya wati 300.

Alichukua 85,000 na sahani ya wali.

Jana ndani ya gari ilikuwa nyuzi 36, friji inasoma 4, na kompresa inapata muda wa kupumzika. Waya wa spika nimeuviringisha nimeutundika kwenye kioo cha dereva.

Kwa hiyo nyie wauza friji na nyie mafundi mnaosoma humu kimya kimya: mtu akikwambia "basi", muulize volti ngapi, betri zipi, italala imezimwa kwa saa ngapi, friji itakaa wapi na itapumulia wapi. Maswali manne. Rangi nitachagua mwenyewe.

Wadau nisaidieni moja: hiyo harufu kwenye plaiwudi inatoka na nini? Nimeshapitisha siki, ndimu, mkaa na kahawa. Shemeji anasema tung'oe boksi lote tulichome.

Friji ya milango miwili bado ninayo. Ipo barazani kwa mama mkwe, anatunzia unga, panya hawaingii. Anayeitaka aje na kirikuu chake aichukue, na lebo ya kompresa asome kabla hajaita fundi wa gesi.